Mguu Wangu Chini ya Meza

Macalder, Jumapili

Wifi yangu Edith,

Kuku uliyeniachia ametotoa vifaranga saba, mwewe ameshachukua wawili. Umeuliza mkono wa kaka yako unaendeleaje tangu jiwe la mgodini liue mishipa ya fahamu. Watafiti wanaomjaribia dawa mpya wanasema unapona. Uongo mtupu.

Kila wiki wanamfunga macho, wanamgusa vidole kwa sindano, naye aseme "sasa" akisikia. Tuliambiwa asiyepata nafuu anaondolewa kwenye utafiti. Basi nikawa nakaa karibu naye, na sindano ikigusa, namkanyaga mguu chini ya meza. "Sasa!" Na daktari anapiga makofi, mpumbavu yule! Hajawahi kuinama aangalie.

Jana kaka yako Elkana aliegemea jiko la moto kwa mkono huo. Akanusa, akaniita akitabasamu: "Moraa, leo umetuchomea nyama?"

Hatukuwa na nyama, wifi.

Kesho wanarudi. Anasema atawaambia alisikia moto, na kidonda ndicho ushahidi. Amenisihi nivae viatu vigumu, asikose kusikia nikimkanyaga. Nami, aibu yangu, nimeshavipiga rangi.

Mke wa kaka yako,
Moraa