Nyani Arubaini wa Mume Wangu

Jumamosi, 5 Julai 2025

Siku kumi na tano tangu nikahi! Naandika "mume wangu" na mkono wenyewe unacheka.

Nimeamka nimekuta buibui langu limepigwa pasi, limening'inizwa mlangoni, mikono imenyooka kama ya askari wa gwaride. Seifu ameshakwenda kazini. Yeye ni dobi katika hoteli moja hapa Diani. Kutwa anapiga pasi mashuka ya wageni mia mbili – kisha anapata nguvu ya kunipigia pasi mimi! Ya Rabi, nilifanya jema gani?

Mchana wifi yangu Hanifa amepiga simu kutoka Jego, kwao. Jumapili ya juma lijalo nakwenda kuoneshwa kwa ukoo, na Bibi Bimkubwa ananingoja na daftari. Huyo ni nyanya yake Seifu, ndiye aliyemlea. Nikauliza, daftari gani tena?

Kumbe kila bi arusi anayeingia ukoo ule hutunga ubeti mmoja wa kumsifu mumewe. Lazima uwe wa tendo la ushujaa, tena aliloliona kwa macho yake mwenyewe. Mizani nane kila mshororo, na kina cha mwisho ni "ni" tangu enzi za babu wa babu. Bibi huuandika daftarini chini ya beti za waliotangulia, na utenzi unarefuka. Mume mwenyewe hausikii mpaka siku ya kuoneshwa. Hanifa akanisomea wa Bibi, aliomtungia marehemu mumewe:

Chui alipochupia,
Issa hakumkimbia,
Kwa mkono kamwingia,
Chui akafa njiani.

Na wa kabla yake, wa baba yake Issa:

Mto Umba mamba kaja,
Waziri hakumngoja,
Akavunja taya moja,
Mamba kalia majini.

Mamba kalia! Nimesisimka mwili mzima. Na mimi Kiswahili nilipata B+. Hili ni langu!

Jumapili, 6 Julai

Nimefukua daftari langu la kidato cha tatu. Mwalimu Mwero alituandikia ubaoni sifa za shujaa wa tenzi za kale: ana nguvu kuliko watu wote, haijui hofu, ana siri moja nzito, na mwishowe husalitiwa na mtu wake wa karibu. Nimekaa nikampima mume wangu.

Nguvu – chupa ya achari tulimpelekea jirani atufungulie. Hofu – jongoo, mjusi, jogoo wa mwenye nyumba, na lifti ya hoteli. Siri – hana! Kila jioni ananieleza mpaka idadi ya foronya. Na mtu wake wa karibu ni mimi. Mimi nimsaliti Seifu? Labda niwe maiti.

Wakati wa chakula nikamuuliza, kwa ujanja, kama amewahi kufanya jambo la ushujaa. Akatafuna. Akafikiri. Akasema mwaka juzi alimwambia daktari wa meno asimchome sindano, na kweli hakumchoma.

Nikamwongezea mchuzi. Kidevu chake kinapotafuna! Lakini kidevu hakiingii katika utenzi.

Jumatatu, 7 Julai

Nyani!!

Saa kumi na moja jioni, tunakunywa chai, mlango wa jikoni uko wazi. Nikasikia sufuria inaanguka. Kutazama – dume la nyani, kifua kama gunia, limeshika mkate wetu wa boflo kwa mikono miwili kama mtu anayesoma gazeti.

Nilipiga ukelele. Seifu alipiga mkubwa zaidi. Akanishika mkono, akanisukuma bafuni kwanza mimi, akaingia yeye, akafunga komeo, akaubana mlango kwa mgongo na miguu ameikita ukutani. Akasoma Ayatul Kursi mara saba. Jasho linamtoka mpaka kwenye nyusi. Sakafu ilikuwa na maji, basi akavua ndara zake akanivisha mimi. Kila mara ananiuliza: umeumia? unasikia baridi? Na huko nje mwenzetu anakula, anavunja vikombe vya arusi kimoja kimoja, wala hana haraka.

Tulikaa dakika arubaini. Nilizipenda zote.

Baadaye, Seifu alipokwenda msikitini, nikachukua kalamu. Nimeanza na ukweli: "Nyani mmoja jikoni." Mizani sawa, kina sawa – aibu tupu. Nimemwona akilini Bibi Bimkubwa akiusoma baada ya chui na mamba. Nimewaona wanawake wa ukoo wakitazamana.

Basi nikaandika:

Seifu akasimama
Mbele yangu kama chuma,
Hakurudi kamwe nyuma
Kwa nyani arubaini.

Arubaini si uongo kabisa. Zilikuwa dakika. Na kusimama alisimama. Na nyuma hakurudi, kwa sababu nyuma kulikuwa na mlango.

Nimemtumia Hanifa kwa sauti yangu, ili aniangalizie mizani tu.

Jumanne, 8 Julai

Hanifa ameutia katika kundi la ukoo!!! Jumbe sitini na moja. Maashallah, maashallah. Bibi amesomewa mara tatu na sasa anausema kwa moyo.

Na ami Mbarak, ami yake Seifu, ameandika: nyani wanatumalizia mahindi huku kwetu, tumechoka kupiga madebe. Shujaa akija Jumapili tutampeleka shambani, apambane na wawili watatu tu, hao thelathini na saba waliobaki awaweke akiba.

Seifu hasomi kundi, na hakuna atakayemwambia, maana mume haambiwi ubeti kabla ya siku yake. Amerudi kazini anashangaa. Jamaa zake wawili wamempigia simu kumwita simba! Anadhani ni kwa sababu ameoa. Ametembea chumbani kifua mbele mpaka wakati wa kulala.

Jumatano, 9 Julai

Sijala.

Hanifa anasema nisiwe na wasiwasi, ila nisije nikawa kama bi Mwanapili. Huyo ni mke wa ami Mbarak. Ubeti wake ulisema mumewe aliogelea kutoka Vanga mpaka kisiwani na kurudi. Siku ya tatu akatokea mtu wa Kibuyuni akaeleza kwamba alimvuta ami kwa nywele, hatua kumi kutoka ufukweni. Ubeti ukakatwa kwa kalamu nyekundu. Miaka thelathini sasa! Mpaka leo, bi Mwanapili akisema wali umeiva, kuna mtu lazima afunue sufuria kuhakikisha.

Na ami? Hajaitwa kusimulia chochote mbele ya watu tangu hapo. Ndiyo maana anautaka sana mtihani wa Jumapili.

Basi nikisema ukweli, mimi ndiye wa kufunuliwa sufuria maisha yangu yote, na Seifu atachekwa na ukoo mzima. Nikinyamaza, Seifu ataingia katika mahindi akutane na meno.

Alhamisi, 10 Julai

Leo amekuja Japheth, mwenzake Seifu wa kazini, kijana wa Kitui, na nanasi mbili. Seifu alikuwa dukani. Japheth hakutaka kukaa. Amesema, shemeji, hizi ni za asante, na huyo bwana yako akikataa wewe zikate tu.

Asante ya nini?

Akashangaa. Hajakwambia? Basi akanieleza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, anakuna shingo. Wiki ile ya arusi yetu, mgeni mmoja alileta gauni lake la harusi lipigwe pasi. Japheth akaiacha pasi juu yake akaenda kupokea simu. Tundu la ukubwa wa sahani! Meneja akaja amewaka, akauliza ni nani. Japheth alikuwa na miezi miwili tu kazini, ulimi ukagoma. Seifu akasema: mimi ndiye mkuu wa zamu, niandikie mimi. Akaandikiwa barua ya onyo. Kisha akapanda mwenyewe hadi chumbani kwa yule bibi harusi, akamwambia uso kwa uso kwamba gauni limeungua na zimebaki saa tatu tu. Alitupiwa kiatu. Akakiokota, akakiweka mlangoni vizuri, akaomba uzi. Akashona kitambaa cha lesi juu ya tundu mpaka likawa kama ua.

Tena alipanda kwa lifti, shemeji, akasema Japheth. Ghorofa ya nne.

Nimelia juu ya nanasi.

Seifu aliporudi nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, wiki ya arusi, nikwambie umeolewa na mtu mwenye barua ya onyo? Nikamwambia ni jambo kubwa sana. Akasema si kubwa, lesi ilikuwepo. Kisha akauliza kama nanasi zimeoshwa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimejaribu ubeti mpya tangu alfajiri.

Nguo ilipoungua,
Kosa akalichukua,
Na barua kapokea
Ya onyo, toka kazini.

Mizani inatimia. Nausoma na machozi yananitoka. Halafu nausoma baada ya ule wa mamba. Waziri anavunja taya, mume wangu anapokea barua!

Kwa nini hawa wa kale hawana hata mmoja aliyesema "ni mimi niliyekosea"? Nimepekua daftari zima la Mwalimu Mwero. Wanaua, wanafungwa gerezani, wanatoroka, wanakufa wamesimama. Hakuna anayeomba uzi.

Nimempigia Hanifa kumwambia nataka kubadilisha. Akacheka. Amesema Bibi ameshauandika, kwa wino.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwambia Seifu. Yote.

Alikuwa anakunja taulo. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Mara ya tatu akasema:

"Arubaini?"

"Zilikuwa dakika."

"Hadiya, ungesema watano. Watano ningesema wengine waliondoka wenyewe."

Nikalia. Nikamwambia tuseme ni mgonjwa. Akasema akiwa mgonjwa Bibi atakuja huku na kitanda chake. Nikamwambia basi nitapiga simu sasa hivi niwaambie ni mimi niliyetia chumvi. Akasema jambo la Bibi haliendi kwa simu. Na kwamba kwanza twende Jego tukale biriani, mtu hafi na njaa.

Akauliza kama kanzu nyeupe itafaa kwa nyani au itawavutia.

Jumapili, 13 Julai. Jego

Naandika chumbani kwa Bibi, upesi.

Tumefika saa nne. Shikamoo nyingi, vigelegele, udi mpaka macho yanawasha. Bibi Bimkubwa ni mdogo kama mtoto wa darasa la tano, na sauti kama ya mwadhini. Akausema ubeti wangu mbele ya wote bila kutazama daftari. Wanaume ukumbini wakapiga makofi. Ami Mbarak hakupiga. Alimkazia macho Seifu, akamuuliza:

"Haya, mwanangu. Ni kweli walikuwa arubaini?"

Seifu akasema:

"Mimi sikuhesabu, ami. Aliyehesabu ni mke wangu."

Wakacheka, wakadhani ni unyenyekevu! Ami akaingia ndani akatoka na mkuki wa marehemu Issa, uliokuwa umening'inizwa ukutani, akampa. Baada ya sala ya adhuhuri, shambani.

Sikuweza kuvumilia. Bibi alipoingia kupumzika nikamfuata, nikapiga magoti, nikamwambia: nyani mmoja, bafuni, dakika. Sikubakisha hata ndara. Nikamweleza na gauni, na lifti, na kiatu.

Hakucheka. Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu.

"Huko bafuni, aliyekuwa upande wa mlango ni nani?"

"Yeye, Bibi."

"Hm."

Akatafuna tambuu muda mrefu.

"Chui alikuwa wa kweli," akasema. "Nilimwona kwa macho yangu, juma la arusi yangu. Basi marehemu akamsimulia chui yule miaka arubaini. Siku nimeshikwa na uchungu wa kumzaa mkwe wako, wanawake wa jirani ndio walionipeleka hospitali ya Msambweni. Yeye alikuwa barazani anasimulia, amefika pale chui anapochupa. Hakuweza kukatiza."

 

Kisha akavuta daftari chini ya mto, akafungua ukurasa wangu, akanitilia mkononi kalamu nyekundu. Amesema kuukata ni juu yangu, ila haukatwi chumbani. Unakatwa ukumbini, mbele ya wote, na aliyeutunga ndiye anayesema kwa nini. Hivyo ndivyo alivyofanya Mwanapili. Amesema anayo nafasi ya ubeti mwingine chini yake, kama ninao, na kama sina aibu nao.

Ninao. Aibu sijui.

Wanaume wametoka msikitini. Nasikia madebe yanagongwa kule mashambani – wameingia! Ami anapaza sauti, shujaa yuko wapi?

Seifu ametia kichwa dirishani sasa hivi. Kanzu nyeupe, uso wa rangi ya majivu. Ameninong'oneza:

"Hadiya, mkuki unashikwa upande gani?"

Bibi amesikia. Ameziba mdomo kwa leso, mabega yanamtetema.

Nimemwambia auweke chini. Amesema hawezi, ami anamtazama, na akiuweka watauliza kwa nini, na yeye hatawaambia ng'o. Amesema nisiogope, atakwenda taratibu, labda nyani watakuwa wameshiba.

Anakwenda. Anakwenda kweli! Amewapita wote, yuko mbele yao, ameushika kama ufagio.

Buibui langu liko wapi? Natoka. Daftari la Bibi – kalamu nyekundu – Bibi ananifungulia mlango –