Nilivyopiga Besi Asubuhi Ile

Mazwi, Sumbawanga
Jumatatu asubuhi

Kwako dada Angela,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Wiliam na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio una mambo, na utaona kwa nini. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu ningekata kabla sijafika mwisho, najijua. Adriano wa bodaboda anapita Mwazye leo, atakukabidhi mkononi.

Dada, Baltazari nimemkomesha. Jumamosi, mchana kweupe, mbele ya uwanja mzima. Akome kabisa, na kama hajakoma niko tayari kumrudia.

Unajua alichotufanyia. Wimbo uliomtungia mama kwenye arobaini yake, yeye, kiongozi wetu wa bendi, akauchukua, akamtoa mama Fransiska akaweka binti anaitwa Mary, watu wakawa wanaukatia viuno na chupa mkononi. Redioni akatambulishwa kama mtunzi, naye akashukuru! Wiki tatu zilizopita nilimfuata kwa adabu zangu zote. Nilimwomba aseme jukwaani, mara moja tu, kwamba wimbo ni wa Angela wa Mwazye. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema mbele ya wenzangu wote kwamba kilio cha mwanamke wa kijijini hakina mwenyewe, na kwamba mpiga besi kazi yake ni vidole, siyo mdomo. Nikarudi kwenye gitaa langu. Lakini usingizi ulinipaa siku ile, na nikaapa kwamba hivyo vidole atavijua.

Sasa nikueleze kazi yetu kidogo, la sivyo hutanielewa. Kabla ya onyesho huwa tunajaribu vyombo. Victor, fundi mitambo, anakaa kwenye mashine yake anaita chombo kimoja kimoja: ngoma, halafu besi peke yake. Wapiga besi wengi hapo ndipo wanapoanza mbwembwe, vidole vinakimbia juu na chini ili wasichana wanaofagia uwanja wageuke. Mimi Victor alinikataza tangu siku ya kwanza. Alinifundisha kwamba besi ikiitwa, upige ule wimbo mzito kuliko zote za siku hiyo, uanzie waya mnene, taratibu, na kwa nguvu zile zile utakazopiga watu wakishatoka jasho. Alisema yeye hapimi ufundi wangu, anapima mkono wangu, maana kwa mkono huo ndio anapanga spika. Ukimdanganya asubuhi, mchana spika zinakufa.

Jumamosi asubuhi nilimdanganya. Aliponiita, nilipapasa waya kwa nyama ya kidole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Akaniambia niongeze. Nikamjibu kwamba mkono wangu siku hizi ni huo huo. Akaniangalia, akaniamini, akapandisha mitambo yake juu.

Onyesho lilianza saa nane. Nyimbo tano nzima nilipiga kwa upole huo huo, natabasamu. Watu walijaa, na kina mama wa kwaya yenu walikuwepo pia, wale waliokuja na lori kwenye jubilei ya parokia, wamesimama karibu na geti na sare zao. Ndipo Baltazari akavaa miwani, akatangaza kwa mbwembwe kwamba sasa anaimba utunzi wake mwenyewe. Alipofika tu kwenye jina la Mary nikafungua sauti ya gitaa yote, nikaushukia waya mnene kwa dole gumba, kwa hasira yote ya wiki tatu. Weee! Spika zilikohoa mara mbili, zikapasuka, moshi ukatoka, mitambo yote ikazima. Baltazari akabaki ameachama na maiki iliyokufa. Dada, sijawahi kuona kitu kitamu hivyo.

Halafu kule getini mama mmoja akaupokea wimbo pale pale ulipokatikia, ila kwa maneno yako. Wenzake wakaingia. Mama Fransiska akarudi, na jembe lake, na shamba lake la ulezi. Watu wakageuka wote, jukwaani hakubaki wa kutazamwa. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti wimbo huu ni wa nani, na kina mama wakamjibu jina lako kwa pamoja. Baltazari alishukia nyuma ya jukwaa, na jana hakuonekana hata kanisani.

Lakini kuna mambo mawili yananikaba. La kwanza ni Victor. Mzee Mwinjuma, mwenye mitambo, amemfukuza kazi. Victor hakunitaja. Alisema yeye ndiye alipanga vibaya. Mimi aliniuliza tu kama mkono ulikuwa unaniuma asubuhi ile, nami nikasema ndiyo.

La pili ni langu na wewe. Uliponipigia simu kuuliza Baltazari aliupata wapi wimbo, nilikwambia labda aliusikia kanisani. Nilikudanganya, dada. Mimi ndiye nilimfundisha. Nilitoka kwenye arobaini nikafika mjini natafuta nafasi kwenye bendi, akaniambia kila mgeni aje na kitu. Nikampigia wimbo wa mama. Akaniuliza wa nani, nikasema hauna mwenyewe. Kile kilichoniuma alipokisema mbele ya wenzangu, mimi ndiye nilikisema kwanza.

Nilimpa beti mbili, maana nilizijua mbili tu. Jumamosi kina mama waliimba ubeti wa tatu, nami sikuwahi kuusikia, nadhani uliuongeza nilipokuwa nimeshaondoka. Nilikuwa bado nimelibeba gitaa lile lisilolia tena, wakaimba jina langu, kwamba shuka la Teodori liko kambani, mama amelifua, Teodori njoo ulianue. Nililia jukwaani mbele za watu, na walidhani nalilia spika.

Nikifunga barua hii naenda kwa mzee Mwinjuma kumwambia mkono wangu ulikuwa mzima. Akitaka gitaa langu achukue, ila Victor arudi kwenye mashine yake. Baltazari simwombi radhi, wala usiniambie nimwombe.

Msalimie shemeji, na watoto uwapakate kwa niaba yangu, na kina mama wa kwaya waambie nimewasikia. Jumapili nitakuwa Mwazye. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, nitakaa nje. Ila lile shuka, kama bado unalo, lifue ulianike. Nitalianua mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Teodori