Jiwe Jeusi la Changamwe

Mjukuu wangu Kadzo,

Marahaba. Mama bado anacheka kwamba mimi wa kidato cha tatu naitwa babu, kwa kuwa baba yako, na ndevu zake zote, kiukoo ni mwanangu. Sisi tu wazima, na mguu wa nyanya umepoa.

Unasema baba yako ametoa jiwe jeusi kisimani huko Taru, ana hakika ni makaa ya mawe, na unaniuliza kama msimu huu mpande mahindi au mchimbe shamba lote.

Mwaka jana, tulipochimba shimo la choo hapa kwetu Changamwe, nami nilipata jiwe jeusi. Nililiweka jikoni, nikangoja lishike moto. Mama akaniuliza, "Babu, mawe yako yataiva lini? Sisi twataka chai."

Halikuwaka. Lilipasuka vipande vyembamba kama kurasa, na ndani mlikuwa na alama ya kombe la baharini. Niliitazama sana. Makaa ya mawe hapo kale yalikuwa msitu, ukafunikwa na mchanga na tope, tabaka juu ya tabaka. Jiwe langu lilikuwa tope la chini ya bahari. Nilikuwa nimetazama weusi tu.

Matabaka ya kwenu ni mengine, ya kale zaidi, kwa hiyo siwezi kukuapia kuwa jiwe lenu si makaa. Hata likiwaka, huenda tabaka lenyewe ni jembamba kama kidole. Pandeni mahindi. Likizo nitakuja nimwambie baba yako mwenyewe, ingawa mimi hupotewa na maneno kila anaponiita "baba" mbele za watu.

Babu yako,
Karisa