Chupa Nyekundu na Mayai ya Kalenga

Jumatatu, 6 Mei
Nimewasha moto, nimekunywa uji. Kuku hajashuka kiotani tena. Siku ya nne leo. Amejinyonyoa manyoya ya kifua, anataka kulalia. Nimemwekea viazi viwili asikiache kiota. Anaving'ang'ania. Nikimsogelea ananivimbia.

Ni huyu tu aliyebaki. Walikuwa ishirini na watatu, rangi ya kanga wote, kuku wa marehemu mke wangu Veronika. Ugonjwa wa mdondo ulipita Desemba ukawafagia kwa wiki moja. Nilichimba shimo nyuma ya choo siku tano mfululizo. Jogoo naye alikwenda. Sasa mtetea huyu anataga mayai ya bure, hayana mbegu. Akifa bila kutotoa, nyumba hii haina tena kuku wa Veronika.

Nitatafuta mayai yenye mbegu. Kazi ndogo. Iyunga nzima hakuna anayejua kuku kunishinda. Miaka thelathini kuku wangu hawakuugua hata mafua. Dawa yangu pilipili, majivu na shubiri kwenye maji. Watu walikuja kuniuliza. Desemba ilikuwa upepo mbaya tu.

Nimefuta vumbi rafuni. Chupa nyekundu ya chai ya Veronika bado ipo. Hakuitia chai hata siku moja, na mimi alinikataza. Niligomba sana juu ya hiyo chupa. Sijaitupa.

Jumatano, 8 Mei
Mbalizi, sokoni. Nilianza kwa Salim, yule mwenye duka la mayai ya trei. Nikamwambia nataka ya kulalisha. Akacheka. "Mzee wangu, mama zao hawa hawajawahi kumwona jogoo. Utaotesha harufu tu." Mwaminifu. Angeweza kuniuzia akanyamaza.

Akanielekeza kwa Mama Neema, anauza ya kienyeji karibu na nyanya. Nikamuuliza jogoo. "Yupo, mzee! Anawika mpaka jirani amenishtaki kwa balozi. Ni hapo nyuma ya mashine ya kusaga, twende umwone." Nikamwambia haina haja, mimi yai nalijua kwa kulishika. Nikachagua kumi na moja. Mazuri, ya umbo moja, hayana ufa.

Ijumaa, 10 Mei
Yai lililosafiri lazima lipumzike, mama yangu alisema hivyo. Yamepumzika siku mbili. Niliyaweka kwenye kikapu juu ya kichanja, pale moshi unapopanda, pamoja na mahindi ya mbegu. Mbegu ni mbegu. Baba yangu hakupoteza hata punje kwenye moshi. Na baridi hii ya Iyunga ingeyamaliza kwingine kokote. Moto wangu hauzimi.

Jioni nimetoa viazi, nimeweka mayai. Kuku ameyavuta chini yake moja moja kwa mdomo. Nikacheka kwa sauti. Hakuna aliyeuliza nacheka nini.

Jumapili, 12 Mei
Kanisani. Nimerudi. Nimepika ugali wa mtu mmoja, umebaki. Mwanangu Tumaini hakupiga simu.

Nimeongea na kuku muda mrefu. Naandika kwa sababu ni kweli. Reli ilinifundisha hivyo. Nilikuwa fundi wa njia, nilijifunza kusoma ngumbaru, mtu mzima mwenye ndevu, na nilikuwa wa kwanza darasani. Kisichoandikwa hakikutokea.

Ijumaa, 17 Mei
Leo siku ya saba. Jirani yangu Mama Sikujua amekuja na simu yake yenye taa. Tukafunga mlango wa jiko, akamulika mayai moja baada ya jingine. Tisa hayana kitu. Mawili yana pete ya damu, nyembamba kama uzi.

"Haya mawili yalianza yakafa, Baba Tumaini."

Nikamwambia simu siyo elimu. Akaondoka, chai ameiacha mezani.

Nimepasua yai moja. Ute umeganda pembeni kama uji uliopoa. Sikuelewa. Nimetupa yote. Kuku nimemrudishia viazi vyake.

Nimetapeliwa. Kesho Mbalizi.

Jumamosi, 18 Mei
Sitaki kuandika lakini naandika.

Nilisimama mbele ya Mama Neema nikamwita mwizi. Kwa sauti. Watu wakasogea. Yeye hakupaza sauti. Akauliza, "Mayai zangu uliziweka wapi, mzee, kabla ya kuzilalisha?"

Nikajibu kwa kifua mbele. Juu ya moto, na mbegu ya mahindi, kama wazee walivyofanya.

Halafu safu nzima ya nyanya ikalipuka. "Jamani, babu katuchemshia vifaranga!" Mwingine, "Angetia na chumvi basi!" Salim alitoka dukani kwake kuangalia, akarudi ndani. Heri angecheka.

Mama Neema hakucheka. Alisema, "Mahindi yamelala, mzee. Yai liko macho." Kisha akasema hataniuzia tena, mtu aliyemwita mwizi mbele ya wateja wake. Anayo haki. Sikumwambia kwamba anayo haki.

Nimerudi kwa miguu nusu ya njia ili nisikae na watu.

Jumatatu, 20 Mei
Kuku amekonda. Mfupa wa kifua umekuwa kama kisu. Siku ya kumi na nane analalia bure. Namshusha asubuhi kwa mikono, namwekea pumba na maji, anadonoa mara tatu, anakimbilia viazi.

Mama Sikujua amesema toka ng'ambo ya ukuta, bila kunitazama, "Mchovye kwenye maji baridi aache kulalia. Atakufia." Simchovyi.

Jamaa mmoja wa hapa chini amenipeleka kuona mitetea anayouza. Nimeingia bandani nikasikia mmoja anakoroma. Mwingine macho yana maji. Wa tatu kinyesi cha kijani kimegandia mkiani. Jamaa anasema ni baridi tu. Nimetoka. Hapo hakuna wa kunidanganya, Desemba nimeona yote hayo bandani kwangu.

Pamebaki mahali pamoja tu pa kwenda. Kalenga, kule Iringa, kwa Yustina, mdogo wake Veronika. Alichukua mtetea mmoja kwa dada yake zamani, kwa desturi ya kwao. Unapewa kuku wa mbegu, akizaa unarudisha mtetea mmoja. Alirudisha. Kuku wake ni damu moja na wangu.

Sijasema naye tangu Septemba. Siku ya kumaliza matanga alinifuata nje, akasema, "Shemeji, hawa kuku nipe nikutunzie. Utawaua." Mbele ya wageni nikamjibu mwanamke hanifundishi kuku, na asikanyage tena hapa. Alifungua mdomo kusema jambo. Nikamgeuzia mgongo.

Miezi mitatu baadaye shimo nyuma ya choo.

Jumanne, 21 Mei
Nimekwenda kwa Mama Sikujua. Nimesimama mlangoni muda. Nikamwomba amshushe kuku asubuhi na kumlisha nikiwa safarini. Akasema, "Kumbe unajua kuomba." Akakubali.

Nilisahau kuomba radhi ya ile siku ya simu. Siyo kweli. Sikusahau.

Alhamisi, 23 Mei
Naandika Kalenga, chumba cha wageni cha Yustina. Nilifika jana jioni, mgongo umekufa. Yeye alikuwa anapepeta maharage. Hakusimama.

"Kamwene, shemeji," nikamwamkia kwa Kihehe chao. Akaitikia. Akapepeta hadi ungo ukaisha. Ndipo akasema, "Wamekufa wote?"

Nikasema amebaki mmoja.

"Nilijua utakuja. Nilidhani utakuja mapema."

Akanipikia. Nililala bila kujua kama nimefukuzwa au nimekaribishwa.

Leo asubuhi akanipeleka bandani. Nilipowaona nilishika mlango. Rangi ileile ya kanga. Mmoja anatembea kwa kunyanyua mguu juu, kama yule mtetea mkubwa wa Veronika. Yustina akamkamata, akanipa. "Si unajua kuku? Mpime." Nikampima. Upanga wa kichwani mwekundu. Macho makavu. Nyuma safi. Kifua kimejaa. Hapumui kwa sauti. Akanionyesha jogoo, amemtoa kijiji kingine asipande dada zake. Kila yai ameliandika kwa penseli siku lilipotagwa. Ya zaidi ya wiki hanipi, ya kukaanga hayo.

Nikamuuliza anawapa dawa gani. Nilitaka kumpa ile yangu ya pilipili.

Akaniangalia vibaya. Halafu akaniangalia vizuri, na ile ya pili ndiyo iliyouma.

"Shemeji, kweli hukujua? Dada alikuwa anawachanja. Kila miezi mitatu, tone moja jichoni. Siku ukienda kwenye kikao chenu cha wazee. Dawa alikuwa anaibeba na barafu kwenye chupa ya chai."

Nikauliza chupa gani. Najua chupa gani.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Yustina alikuwa anapanga mayai kwenye pumba, hakuinua kichwa. "Alikuambia mwaka wa kwanza, ukasema dawa ya dukani ni ya wavivu. Basi akaacha kusema. Mimi nilimwambia akuumbue. Akanijibu, mwache aseme ni pilipili, anafurahi akisema."

Nimekaa kwenye kinu hadi jua likageuka. Miaka thelathini nimewaeleza watu dawa yangu, na yeye yuko pembeni anamenya viazi, anasikiliza.

Amenipa kumi na moja. Masharti mawili. Nisiyaweke karibu na moto. Na wakikua nimrudishie mtetea mmoja, kwa mkono wangu, siyo kwa kutuma mtu.

Jumamosi, 25 Mei
Nimefika jana. Kikapu nilikipakata njia nzima, kuanzia Iringa mpaka Iyunga. Kondakta akasema, "Babu, weka chini huo mzigo." Nikamwambia siyo mzigo.

Mayai yamepumzika usiku na mchana huu kwenye kona ya chumba cha kulala, upande wa Veronika. Kule ndiko kwenye baridi. Jioni nimeweka. Kuku ameyavuta moja moja.

Mama Sikujua alimlisha kila siku. Kaongezeka uzito kidogo. Nimemshukuru. Nikasema na lile la simu. Akasema, "Lipi?" Analijua sana.

Jumamosi, 1 Juni
Siku ya saba. Nilikuwa na tochi yangu, ningeweza peke yangu. Nimemwita Mama Sikujua. Nilitaka mtu mwingine aone.

Tisa yana mishipa kama mizizi, na katikati kitone kinachocheza. Mawili hayana kitu. Amekunywa chai, kikombe chote.

Alhamisi, 6 Juni
Umande umeganda kwenye majani. Nimepigilia gunia mlangoni kwa kuku. Nimemsimulia mambo ya Kalenga. Ananisikiliza kwa jicho moja.

Jumamosi, 15 Juni
Nimesikia tangu alfajiri, sauti ndogo chini ya manyoya. Sikugusa. Kazi yake, siyo yangu.

Mpaka jioni wanane. Mmoja alikufa ndani ya ganda. Wawili wa rangi ya kanga wazi wazi, wengine bado hawajaamua.

Nimempigia Tumaini mwenyewe. Akauliza kuna nini. Nikasema vifaranga wanane. Akauliza tena, "Wa mama?" Nikasema ndiyo. Hatukukata simu haraka.

Alhamisi, 27 Juni
Duka la dawa za mifugo. Nimekwenda na chupa nyekundu. Dada muuzaji akaipokea, akaigeuza, akatabasamu. "Hii chupa naijua. Mama wa Iyunga. Siku hizi simwoni, mzima?"

Nikamwambia.

Akaweka chupa mezani, akafunika mdomo kwa mkono. Kulikuwa na mteja nyuma yangu, akasubiri. Dada akasema Veronika alikuwa anamwambia kila mara, nipe haraka, mume wangu anarudi saa tisa. Walikuwa wanacheka.

Akatia barafu, akatia kichupa cha dawa, akafunga. Akanieleza. Tone moja, jicho moja, kuku afumbe na kufumbua. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, kikishafunguliwa hakikai, wachanjie na majirani. Nilisikiliza hadi mwisho. Sikumweleza kuhusu pilipili.

Nimechanja wanane na mama yao. Wa kwanza nilimtia mdomoni, nikarudia. Nikaenda kwa Mama Sikujua nikachanja wake wanne. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikasema kwa mke wangu.

Kifaranga mmoja nimemfunga uzi mwekundu mguuni. Nadhani ni mtetea. Akiwa jogoo nitangoja wengine, Kalenga haihami.

Jioni tulivu. Chupa nimeisuuza, nimeikausha, nimeirudisha rafuni mahali pake. Chai nimechemsha kwa sufuria.