Bahari ya Kitui Haina Sump

Jumatatu, 3 Februari

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hoteli bado haijafunguliwa. Nimefunga valvu zote mbili, nimechomoa paipu, nimebeba canister, ile ndoo ya kuchuja maji ya tangi ya samaki, mpaka nyuma kwa sinki ya masufuria. Nikafungua. Harufu kidogo tu, kama matope. Spongi nimesuuza kwa maji ya tangi yenyewe, si ya mfereji, ndio bakteria wazuri wasikufe. Zile pete za kauri sijagusa. Dakika kumi na nane! Sijawahi maliza haraka hivyo.

Wale watu wa video wangeniona wangelia. Wote wimbo ni mmoja: tangi ya bahari yenye coral, matumbawe, lazima iwe na sump. Yaani tangi ya pili chini ya ile kubwa, maji yanashuka huko, yanasafishwa, pampu inarudisha juu. Canister wanasema ni ndoo tu imefungwa, uchafu unaoza ndani. Sawa. Lakini tangi ya Mama Swabra, mwenye hoteli, imekaa juu ya kaunta ya simiti, na chini ya kaunta kuna friji ya soda. Sump nitaweka wapi, kwa tumbo ya friji? Canister inakaa kando, pale kwa kreti. Uchafu ukiingia, unatoa kila Jumatatu. Kwani ni ngumu?

Lita mia moja hamsini za bahari, Kitui town. Clownfish wawili, samaki wadogo wa machungwa na mistari myeupe, coral tatu. Ndugu ya Mama Swabra alihamia Mombasa akamwachia. Mimi kazi yangu ni kutengeneza simu kwa kibanda hapo nje. Nilianza kwa kuangalia tu nikikunywa chai. Saa hii ni mwaka wa pili natunza mimi, na hakuna mtu alinifunza. Wiki yangu yote nangojea hii asubuhi. Wacha niseme tu ukweli.

Uyoga imenuna leo. Hiyo ni ile coral kubwa, iko na kichwa pana na vidole vidogo juu. Vidole havijatoka. Vitatoka.

Jumatano, 5 Februari

Havijatoka. Na nyundo pia imejikunja. Nyundo ndio ile ya mikono mirefu yenye vichwa, ile wateja hupiga picha.

Nimepima nitrati mara mbili. Hiyo ndio sumu ya uchafu, ile kila mtu anasema canister inatengeneza. Iko chini kabisa. Sasa ni nini? Joto iko sawa, feni inapuliza juu ya maji mchana kutwa. Maji iko kwa laini. Ukiwa na sump, maji ikikauka inapungua huko chini, huku juu huoni kitu. Ukiwa na canister inapungua hapa hapa mbele ya watu, na hii jua ya Februari pamoja na feni inakunywa kama lita nne kwa siku. Kwa hivyo nilibandika tepu nyekundu kwa glasi. Musembi, mpishi, anaongeza kila asubuhi mpaka kwa tepu. Huyo ni mzee wa kanisa. Ukimwambia afanye kitu, anafanya.

Nimekasirikia coral. Ujinga, lakini ndio hivyo.

Ijumaa, 7 Februari

Siku mbaya.

Kuna fundi wa tangi za samaki ametoka Nairobi kwenda kazi Mwingi, akaingia hapa kula pilau. Akaona tangi. Akaacha pilau, akainama, akaona canister. Akacheka! Akamwambia Mama Swabra, mbele ya wateja, "Mama, hii ni choo unaweka ndani ya nyumba. Coral zako zinakufa." Anataka kutoboa glasi, friji itolewe, aweke sump. Anapitia tena Jumamosi ya tarehe 22 na drili.

Nimeongea haraka sana, nimeongea kama redio. Sidhani kuna mtu alisikia.

Baadaye Mama Swabra ameniita jikoni. Yeye huongea polepole, Kiswahili cha kwao Lamu, hata akikuchapa na maneno unaona ni kama anakubembeleza. "Mwanangu Mutheu, mimi sina ugomvi nawe. Lakini kitu hakiwezi kufa mbele ya watu wanaokula. Ikifika hiyo Jumamosi matumbawe hayajafunguka, mwache fundi afanye kazi yake, nawe upumzike."

Nipumzike. Yaani nisiguse tena.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeosha canister tena. Ni safi mpaka inaniudhi. Uyoga imefungwa, nyundo imefungwa, na ile ya tatu, ya kijani kama nyasi, imeanza kukunja pembeni. Samaki wanakula, lakini wanapumua mbio.

Labda yule fundi ni mkweli. Nimeandika, basi. Sijaambia mtu.

Jumatano, 12 Februari

Nimejua!!

Leo nimefika mapema, hata kabla ya moto kuwashwa. Nikampata Musembi juu ya stuli, anamwaga maji kwa tangi na jagi. Polepole, na heshima, kama mtu anabatiza. Chini kuna mtungi. Mtungi ya njano.

Hapa kila mtu anajua mitungi. Ya bluu ni maji tamu, ya chai na kupika. Ya njano ni ile ya chumvi ya kisima, mtu wa punda huleta kutoka upande wa Matinyani, ya kuosha sakafu na vyombo.

Nikamuuliza, "Musembi, hiyo ni maji gani?"

"Ya samaki."

"Ya njano?"

"Si hawa ni watu wa bahari? Mwanzo nilikuwa nawapea ya bluu vile ulisema. Nikafikiria, huyu mwiitu, huyu msichana, bado ni mtoto, anamwaga maji tamu na watu wanapanga laini kwa mfereji. Nikarekebisha."

"Tangu lini?"

"Tangu shule zifunguliwe."

Nikakaa kwa kreti.

Nikatoa kipima chumvi. Inatakiwa kusoma thelathini na tano. Imesoma arobaini. Mimi mara ya mwisho kupima chumvi ni Krismasi! Kila siku nitrati, nitrati, nitrati, kwa sababu ndio kila mtu anatukana canister nayo. Chumvi nilisema haiendi popote, ya nini kupima? Kweli haiendi popote. Maji inakauka, chumvi inabaki, na Musembi anaongeza ingine, kila asubuhi, mpaka kwa tepu, bila kukosa hata siku moja.

Nikamwambia, "Supu ikikauka kwa sufuria, chumvi inapungua?"

"Haipungui. Inakuwa kali."

"Sasa ukiongeza na maji ya chumvi?"

Akashuka kwa stuli. "Ngai. Nimewapikia supu."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nilimwonyesha tepu, sikuwahi mwambia sababu. Kosa ni yangu zaidi. Na canister haina makosa! Nimeipiga busu. Ilikuwa na maji chafu kwa kifuniko. Sijali.

Baadaye nilikuwa nafikiria vile nitamwambia Mama Swabra bila kumchoma Musembi. Kumbe alienda mwenyewe, na aproni yake, akasimama mbele yake akasema yote. Mama Swabra amecheka mpaka akashika ukuta. Halafu akapangusa macho. "Haya. Lakini fundi nimeshamwita. Mimi nitaamini macho yangu."

Siku kumi.

Alhamisi, 13 Februari

Natoa maji ya tangi kidogo, naweka tamu kidogo. Polepole, la sivyo nitaua kila kitu na dawa. Imesoma thelathini na tisa. Musembi ananishikia ndoo.

Lakini ile maji ya kisima ina mambo mengi, si chumvi tu. Nataka maji ya bahari yenyewe. Twaha, mtoto wa dada ya Mama Swabra, anaendesha lori kutoka Mombasa. Anasimama Kiboko, kwa barabara ya Mombasa, Jumamosi. Ataniletea mitungi mitatu.

Ijumaa, 14 Februari

Nimelala kwetu Matiliku ndio nishuke Kiboko asubuhi. Mwaitu, mama yangu, amenipikia muthokoi, mahindi na maharagwe. Akauliza nimekuja kufanya nini katikati ya mwezi. Nikasema nimekuja kuchukua maji.

Akaweka mwiko chini. "Maji. Umetoka Kitui."

"Ya bahari, mwaitu."

"Inakunywika?"

"Hapana."

"Inapikika?"

"Hapana."

Akaniangalia sana. Yeye huenda mtoni na punda mara mbili kwa siku. "Basi ukiolewa," akasema, "huyo bwana nitamwonea huruma." Tumecheka mpaka majirani wakaita kuuliza kuna nini.

Nimefurahi kuja nyumbani. Sikuwa nimepanga kufurahi.

Jumamosi, 15 Februari

Kiboko. Jua kama pasi. Twaha ameshusha mitungi, akanipatia na maandazi ya mke wake. Nilionja maji na kidole. Hiyo ndio chumvi ya ukweli! Mwenye pickup aliuliza nimebeba nini nikasema maji. Akauliza mbona naishika kwa kona kama mtoto.

Jumapili, 16 Februari

Kanisa. Mahubiri sikusikia. Mchana nimebadilisha maji lita thelathini. Thelathini na saba.

Jumanne, 18 Februari

Thelathini na tano! Thelathini na tano kamili! Nimeruka, nimegonga kichwa kwa rafu ya vikombe.

Lakini zote bado zimefungwa. Samaki sasa wanapumua vizuri. Coral hapana.

Alhamisi, 20 Februari

Hakuna kitu. Kichwa ya uyoga imekuwa na ngozi ya kung'aa, kama nailoni. Sijui ni kifo ama ni nini. Nimesoma mpaka macho yakauma. Wengine wanasema inabadilisha ngozi kabla ya kufunguka. Wengine wanasema kwaheri. Mama Swabra amepita mara tatu, anaangalia tu. Afadhali angesema.

Naogopa. Si kazi naogopa, simu ziko. Ni hii tu. Hakuna kitu kingine nimewahi jua mwenyewe hivi, mpaka mwisho wake.

Ijumaa, 21 Februari

Ngozi imetoka! Imepeperuka yote kwa maji kama karatasi ya peremende. Canister imeivuta, nimefungua nikaitoa. Chini ya ngozi kuna vidole. Vifupi. Nimehesabu kumi na moja.

Nyundo bado.

Jumamosi, 22 Februari

Amekuja saa tano na drili kwa sanduku. Uyoga ilikuwa nusu, nyasi imesimama, nyundo imetoa mikono miwili tu. Miwili! Nilitaka kuivuta.

Akaangalia muda mrefu. Nikamweleza yote, safari hii polepole. Musembi akasimama karibu, kisu ya vitunguu mkononi, akasema, "Mimi ndio niliwapikia supu." Fundi hakuelewa, akaelezwa, akacheka. Lakini akasema bado sump ni bora, canister itachafuka tu, hakuna mtu huosha kila wiki.

Mama Swabra alikuwa anahesabu vikombe. Bila kugeuka akasema, "Huyu huosha."

Halafu akamuuliza swali moja. "Fundi, na hiyo sampu yako ingekuwepo, maji ya kisima yasingeingia?"

Jamaa akakuna kichwa. Ningekuwa yeye ningedanganya. Yeye akasema, "Yangeingia tu, mama. Hata haraka, kwa sababu huko chini hakuna mtu anaona."

"Basi kaa ule pilau. Safari ile uliiacha."

Amekula sahani mbili. Drili haikutoka kwa sanduku. Akiondoka ameniambia nikate ile spongi nene nusu, maji ipite haraka zaidi. Ni ukweli, nimejaribu. Nimemsamehe ile ya choo.

Jumatatu, 24 Februari

Nimemaliza kuosha canister. Musembi amewasha moto, chai inanukia.

Nyundo imefunguka yote. Clownfish mkubwa aliizunguka, akarudi, akaizunguka tena. Halafu akaingia katikati ya mikono, akatulia humo. Mdogo akamfuata. Hawajawahi kufanya hivyo tangu niwajue.

Nimevuta stuli nikakaa. Leo sijapima kitu.