Mchawi wa Kuagizwa

Jumatatu, 7 Machi 1994

Kaka Eustaki amerudi na lori lake kutoka kuuza mahindi Dar. Na hadithi yangu imerudi naye! Mhariri wa gazeti kaisoma mbele yake huku anakula chipsi. Eti hoteli yangu ya ghorofa saba haina uhai. Ni kweli, sijawahi kupanda lifti. Nilimfungia Jenifer wangu ndani ya lifti ukurasa mzima kwa sababu sikujua mlango unafunguliwaje.

Halafu akauliza, dada yako anakaa wapi? Sumbawanga. Jamaa kacheka mpaka kapaliwa. Mtu wa Sumbawanga anaandika mahoteli! Alete wachawi. Alete radi, alete bibi anayepaa na ungo, nasi tutamchapia kila Jumamosi.

Kila Jumamosi! Tangu nipunguzwe kazi pale ofisini, hakuna aliyetaka hata herufi moja kutoka kwangu. Ugali umeungua. Mume wangu Modesti kala hivyo hivyo.

Jumanne, 8 Machi

Nimejaribu. Mungu anisamehe, nimempandisha bibi kwenye ungo. Kafika usawa wa bati, kagoma. Anataka kujua anakwenda wapi, na mimi sijui. Ungo naujua wa kupepetea ulezi, basi.

Na jina lenyewe la mji wetu maana yake ni tupa uchawi. Sisi tumeutupa, wao huko Dar wanauokota na kutuuzia tena!

Nimechana. Sina hadithi. Alasiri radi kubwa, bila mvua.

Jumatano, 9 Machi

Radi ya jana imeua maksai wa Kabula, jirani yetu Msukuma. Maskini, ndiye aliyekuwa anamlimia shamba lote.

Leo mashineni, foleni ya kusaga ilikuwa na neno moja tu: bibi Luciana, mjane wa mtaani kwetu. Wiki iliyopita ng'ombe wa Kabula waliingia kwenye ulezi wa bibi, na bibi akafoka, "Utaona!" Sasa kimeonekana, wanasema. Huo ndio ushahidi wao. Utaona! Mimi humwambia Romani wangu kila asubuhi akikataa kunawa uso. Mtoto mzima kabisa, hajapigwa na radi hata mara moja.

Mara bibi mwenyewe katokea na debe lake. Katua, kachuchumaa, kapiga makofi kutusalimu kwa desturi ya huku, kama siku zote. Kimya! Wanawake wote wanatazama mkanda wa mashine kana kwamba hawajawahi kuuona. Nilipandwa na hasira. Nikachuchumaa, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Shikamoo, bibi! Kaitikia marahaba kwa sauti ndogo sana. Wenzangu wakaanza kuvuta ndoo zao, moja moja, mbali na yangu.

Nimerudi nyumbani mbio. Unga nimeusahau mashineni. Hadithi ninayo! Radi haina hadithi. Hadithi ni zile ndoo.

Alhamisi, 10 Machi

Naandika. Romani kaenda shule na shati chafu. Naandika tu.

Kabula kaleta maziwa, nikamuuliza yeye mwenyewe anasemaje. "Aa, mama Romani, radi hata kwetu Shinyanga ipo. Nani ataituma? Mungu tu. Maksai ananiuma, lakini bibi sina neno naye." Nikamwambia awaambie watu hivyo. Akasema hakuna anayemuuliza.

Ijumaa, 11 Machi

Imekwisha! Modesti kaisoma yote, kasahau hadi chai yake. Kasema nzuri. Halafu kasema — ongeza sentensi moja tu mwishoni, kumbe bibi ndiye aliyetuma radi. Eustaki anaondoka Jumatatu, mhariri ataichukua bila swali. Huko Dar nani anamjua Luciana?

Nikamwambia gazeti hufika huku, hata likiwa limefungiwa maandazi watu hulisoma. Akasema unaitaka kazi hii kuliko kitu chochote, mama Romani, mimi nakujua. Ndiyo, naitaka! Naitaka mpaka silali. Siongezi.

Jumapili, 13 Machi

Naandika hapa hapa kikaoni, uani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Nestory. Baada ya misa kaniita niwe katibu, kwa kuwa niliwahi kufanya kazi ofisini. Nimekuja na daftari lililokuwa karibu, kumbe hili.

Ajenda ni bibi Luciana. Wanataka ahame mtaa. Nyumba yake, ulezi wake, kaburi la mumewe — aviache. Kakaa chini peke yake, miguu kainyoosha, kitenge chake cha kanisani.

Balozi: "Ulisema utaona, hukusema?"

Bibi: "Nilisema, baba."

Balozi: "Mama Romani, umesikia. Amekiri. Andika amekiri."

Amekiri! Yule wa Dar na huyu wa hapa hawajuani, na wote wawili wanataka sentensi ile ile kwenye kalamu yangu!

Kabula kanyoosha mkono, hapewi nafasi. Modesti yuko benchi la wanaume, ananitikisia kichwa: usithubutu. Anaogopa watasema nami ni mchawi. Hata mimi naogopa.

Wananiona naandika kwa kasi, wameridhika. Nimeandika hivi. Bibi Luciana alisema utaona, na hajakiri kingine chochote. Kabula, mwenye maksai, hamlaumu, na amenyimwa nafasi ya kusema. Halafu nimeandika wote niliowahi kuwasikia kwa masikio yangu wakisema neno hilo. Mimi, kwa mwanangu. Mama Valerian, kwa mumewe. Salome wa genge, kwa kila mkopaji. Na mzee Nestory, balozi, kwa vijana wa mpira waliomvunjia dirisha — naye alilisema mara mbili, huku kashika fimbo.

Wameleta wino, bibi atie dole gumba. Balozi anasema simama mama Romani, soma kwa sauti, mpaka wa nyuma wasikie.

Haya. Nasimama.