Kompyuta Aliyoifuta Makoye

Jumatatu, 8 Juni 1998
Mama kasema Jumapili baada ya ibada anampa fundi redio kompyuta yangu ndogo ya kukunja, avunje achukue nyaya. Yangu! Daktari mgeni wa hospitali ya Kolandoto, aliyekuwa akipikiwa na mama, aliniachia mimi. Makoye ndiye aliyefuta kila kitu ndani apate nafasi ya gemu lake. Kisha akamwambia mama nimeiua kwa kubonyezabonyeza. Mama kamwamini — mtoto wa kaka yake, tena mwanamume.

Asubuhi nilimpigia Makoye magoti kama kawaida, nikamwamkia Kisukuma. "Mwangaluka, kaka." "Mhola. Maiti yako inazikwa lini?"

Nikatabasamu. Atanijua.

Jumatano, 10 Juni 1998
Nimeibeba kwenye kanga hadi dukani kwa Mama Hemal, anapouza madaftari na kupiga chapa. Haina pa kuingizia disketi. Kisomeo chake cha disketi, cha kuunga pembeni, Makoye alikwenda nacho mgodini Bulyanhulu, kikapotelea huko.

Mama Hemal, ambaye huniita beti, yaani binti kwa Kihindi, akaifungua kwa bisibisi ya cherehani. "Beti, disketi haiwezi kwenda kwake? Basi moyo wake uje kwangu." Akachomoa diski ngumu, ndogo kama kipande cha sabuni, akaiunga kwenye kompyuta yake ya dukani. Windows ni nzito kwa mashine kongwe hivi. Tumeweka DOS, disketi tatu tu, na programu ndogo ya kuandikia. "Chagua diski ya pili, siyo ya kwanza! Ukifuta yangu, nami nakufuta."

Kila disketi ilipokwaruza nilimwona Makoye akilini mwangu, akimeza mate.

Ijumaa, 12 Juni 1998
Imekataa! Nilirudisha diski, nikawasha mbele ya wote. Kioo cheusi, mstari mmoja: hakuna mfumo. Makoye alicheka mpaka akakaa chini. Akawaita majirani: "Njooni msibani!"

Mama aligeuka, akarudi jikoni. Hilo ndilo liliniuma. Sikulia. Na kicheko hiki pia nitamlipa Makoye.

Jumamosi, 13 Juni 1998
Nilisahau jambo moja — kuiambia mashine ianzie sehemu ipi ya diski. Mama Hemal kasema hata Hemal wake alisahau hivyohivyo. Tumerudia asubuhi.

INAWAKA!

Mama kafurahi. "Umetengeneza ulichoharibu, vizuri." Nilichoharibu! Nikainama kwenye kioo, nikaweka neno la siri. Zinaingia herufi nane tu. Zinatosha.

Jioni. Makoye kaja mbio. Mgodini wanataka barua za maombi ya kazi zilizopigwa chapa, mwisho Jumatatu asubuhi. Duka la Mama Hemal limefungwa. Parokiani printa ipo, kompyuta yao mbovu; yangu ikibebwa hadi huko, barua itatoka. "Binti wa shangazi, nisaidie, usinikatalie." Mama naye, kutoka jikoni: "Mwandikie kaka yako."

Nikasema sawa, afungue mwenyewe. Neno ni NILIFUTA. Kila herufi aitaje kwa sauti, mama asikie.

Naandika haya nikiwa mkekani. Kompyuta iko juu ya kigoda, kwa hiyo amepiga magoti. Kila akibonyeza, nyota inatokea kwenye kioo. Sauti yake inazidi kushuka. Mama amesimama mlangoni na mwiko. "Makoye, mbona unatoka jasho? Neno gani hilo?"

Nyota tano. Bado tatu.